Klabu za Ufukweni za Saint-Tropez: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila msimu wa joto unapokaribia Ulaya, maswali ni yale yale: bei, visa, mavazi, na kama mtu wa kawaida anaruhusiwa kukanyaga mchanga ule. Majibu haya yanahusu Saint-Tropez na ufukwe wake wa Pampelonne, kusini mwa Ufaransa. Mengi yatakufaa hata ukienda Cannes au Juan-les-Pins, ingawa si yote.

Hizo klabu maarufu ziko wapi hasa?

Nyingi haziko Saint-Tropez. Mji wenyewe ni mdogo, wakazi wake ni kama 4,000 tu, una bandari ya zamani iliyojaa yoti na vichochoro vya kupendeza. Klabu zinazoonekana kwenye picha ziko Pampelonne, ufukwe wa karibu kilomita 5 upande wa pili wa rasi, na eneo hilo ni la wilaya ndogo ya Ramatuelle. Yule anayejirekodi akisema "niko Saint-Tropez" mara nyingi yuko chini ya meya mwingine kabisa. Hili si jambo dogo unapotafuta njia kwenye simu: andika jina la klabu pamoja na Ramatuelle, la sivyo utajikuta bandarini umeshika taulo.

Lazima nilipe ili niingie ufukweni?

Hapana, na ukiwa na muda wa kusoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

Nchini Ufaransa pwani ni mali ya umma. Wazo hilo ni la zamani, limo kwenye Amri ya Bahari ya 1681 iliyoandaliwa na Colbert, waziri wa Louis XIV, na likatiliwa nguvu na Sheria ya Pwani ya Januari 1986. Klabu haimiliki mchanga wake. Imepewa kibali cha muda cha kutumia kipande. Kanuni za 2006 zikaongeza kwamba kwenye ufukwe wa asili, asilimia 80 ya urefu na ya eneo lazima ibaki huru. Kwenye ufukwe uliotengenezwa na watu, kama baadhi ya zile za Cannes, ni nusu.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya Pampelonne ni ya bure. Unatandika khanga yako, unaingia majini, unatoka, hakuna wa kukuuliza. Hata mbele ya klabu ya kifahari kuliko zote lazima kuachwe njia ya mita chache kando ya maji, na wewe una haki ya kupita hapo, mguu chumvini, huku matajiri wakikutazama juu ya miwani yao. Kupita, lakini. Ukitaka kukaa, sogea mpaka penye nafasi ya umma. Mtu anayetandika taulo kwenye ile njia anawazibia wenzake, na ugomvi na walinzi utaharibu siku yake bila faida.

Kama mchanga ni bure, wanalipia nini?

Kitanda chenye godoro nene, mwavuli, bafu la maji baridi, choo safi, mhudumu anayeleta kinywaji ulipolala, na meza ya chakula cha mchana. Na kuuza sura. Hilo la mwisho haliandikwi kwenye bili lakini limo. Ndiyo sababu safu ya mbele ni ghali kuliko ya nyuma ingawa jua ni lilelile.

Yote haya yalianzaje?

Kwa chakula cha kupikia wageni, kwa kweli. Mahali hapa palikuwa mashamba ya mizabibu na vinamasi. Tarehe 15 Agosti 1944 wanajeshi wa Marekani walitua Pampelonne katika Operesheni Dragoon, shambulio la kuikomboa Ufaransa ya kusini kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na nyuma yao likaja jeshi la Ufaransa lililojaa askari wa Kiafrika, Waaljeria, Wamoroko na wale walioitwa wapiga bunduki wa Senegali. Watu wachache wanaolala pale leo wanakumbuka hilo.

Baada ya vita, familia ya de Colmont iliweka kambi yake ufukweni. Bernard na mkewe Geneviève hawakuwa watu wa mahoteli. Walikuwa wasafiri wa kupenda taabu, waliowahi kushuka mto Colorado kwa kayaki mwaka 1938. Inasimuliwa kwamba mwaka 1955 likafika kundi la kutengeneza filamu ya Roger Vadim, ile iliyomfanya Brigitte Bardot kuwa jina la dunia. Kundi likaona kibanda na mama anayepika, likadhani ni mgahawa, likaomba chakula. Geneviève hakuwafukuza, akawapikia. Hapo ndipo ilipozaliwa Club 55, yenye mwaka wake kwenye jina, na mpaka sasa iko mikononi mwa familia hiyo. Bardot naye akanunua nyumba mjini, La Madrague, mwaka 1958, na wapiga picha wakamfuata. Walipofika wapiga picha, pesa nayo ikafuata. Mwaka 1967 ikafunguliwa hoteli ya Byblos, kazi ya Jean-Prosper Gay-Para, tajiri wa Lebanon.

Halafu ikaja enzi ya kelele. La Voile Rouge, ambayo haipo tena, ilijulikana kwa wateja kumwagiana shampeni, chupa moja ikigharimu mshahara wa mtu. Nikki Beach, kampuni iliyoanzia Miami, ikaendeleza mtindo huo wa muziki wa juu na mavazi meupe.

Kwa nini majengo yote ni ya mbao na yanaonekana mapya?

Kwa sababu ya zamani yalibomolewa. Kwa miongo mingi klabu zilijenga zege juu ya matuta ya mchanga, na matuta yakawa yanakufa. Tuta likifa, bahari haina cha kuizuia. Baada ya mvutano mrefu mahakamani, serikali ilipitisha mpango mpya wa Pampelonne Desemba 2015. Msimu wa 2018 ulipokwisha, vibanda vikavunjwa, na 2019 vikafunguliwa vipya: idadi ilishushwa kutoka 27 hadi 23, vikasogezwa nyuma ya matuta, vikajengwa kwa mbao na vifaa vya kufunguliwa. Nafasi ziligombewa kwa zabuni, na baadhi ya majina ya zamani yalikosa.

Wako wanaolalamika kwamba zabuni iliwaleta wenye mitaji mikubwa na kuwatoa wenyeji. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake. Lakini ukiona nyasi zilivyorudi juu ya yale matuta, na kamba zinazokuzuia usikanyage, ni vigumu kutamani zege lirudi. Tafadhali, hizo kamba usiziruke kwa ajili ya picha.

Niende klabu gani?

Inategemea unatafuta nini, kwa sababu zinatofautiana kuliko picha zinavyoonyesha.

Ukitaka chakula na utulivu, Club 55. Hakuna muziki wa kukupasua masikio, kivuli ni cha miti, na mlo unaanza na kikapu cha mboga mbichi nzima nzima, karoti na majani yake, nyanya, figili, unakata mwenyewe na kisu. Mtu aliyekulia Afrika Mashariki atajiuliza kwa nini analipa pesa zile na hata kachumbari hakatiwi. Swali zuri. Jibu ni kwamba meza ya pembeni huenda amekaa mtu uliyemwona kwenye televisheni, na yeye pia anamenya.

Ukitaka kula bata kwa maana yake yote, densi juu ya meza na chupa zenye cheche, nenda Bagatelle au Nikki Beach, baada ya saa tisa alasiri. Kabla ya hapo ni watu wanaokula tu. La Réserve à la Plage, iliyobuniwa na Philippe Starck, ni ya wanaopenda vitu vizuri bila fujo. Loulou ni ya wanaopenda mavazi. Tahiti, upande wa kaskazini kabisa, ni miongoni mwa majina ya zamani zaidi.

Ukienda na mama mkwe, Club 55. Na Bagatelle usimpeleke.

Siku nzima inagharimu kiasi gani?

Bei hubadilika kila msimu, kwa hiyo chukua haya kama makadirio tu. Kitanda kimoja kwenye klabu ya kawaida huanzia kama euro 30 hadi 50. Kwenye klabu za jina, safu ya mbele, Agosti, inaweza kuvuka euro 100. Chakula cha mchana ndicho kinachouma: samaki wa kuchoma huuzwa kwa uzito, na bei kwenye menyu ni ya gramu 100, si ya samaki mzima. Uliza uzito kabla hajaenda jikoni. Watu wazima wenye akili zao wameshtuliwa na huyo samaki kuliko na shampeni.

Klabu nyingi zina kiwango cha chini cha matumizi kwa kila meza, na huomba namba ya kadi unapoweka nafasi. Usipotokea bila taarifa, wanakata. Chakula hutolewa kwa zamu mbili, ya kwanza saa sita au saba mchana, ya pili kuanzia saa nane au tisa. Zamu ya kwanza ni rahisi kupata. Ya pili ndiyo ya sherehe.

Maji: mwombe mhudumu "une carafe d'eau". Kwa sheria ya Ufaransa mgahawa unapaswa kukupa maji ya bomba ya kunywa bure. Ukisema "maji" tu, italetwa chupa ya glasi yenye bei ya kukumbukwa.

Bakshishi je?

Nchini Ufaransa bei ya menyu tayari ina gharama ya huduma. Unachoongeza ni hiari yako, na kwa Wafaransa wengi ni sarafu chache au asilimia 5 ukiwa umefurahi.

Saint-Tropez imejitengenezea desturi nyingine. Mwaka 2023 magazeti ya huko yaliandika kuhusu wahudumu waliokuwa wakidai bakshishi waziwazi, pia kuhusu migahawa inayotunza kumbukumbu za wateja ili kuwapa meza wale tu wanaotumia pesa nyingi. Meya mwenyewe, Sylvie Siri, alijitokeza kukemea. Kwa hiyo ukiambiwa "service haimo", jibu kwa tabasamu kwamba unajua imo. Huna deni.

Sili nguruwe wala sinywi pombe. Nitapata cha kula?

Utapata. Hii ni pwani ya samaki: loup na dorade wa kuchoma, pweza, kamba, saladi, zeituni, nyanya tamu. Usitegemee nyama ya halali iliyothibitishwa kwenye klabu hizi. Uliza kuhusu sosi, kwani mvinyo mweupe hutiwa kwenye sufuria bila kutajwa kwenye menyu. Mvinyo rosé wa Provence ndio kinywaji cha kila meza, lakini kuagiza juisi hakumshangazi mtu. Kitindamlo cha mji ni tarte tropézienne, mkate mtamu uliojazwa krimu, ulioanzishwa katika miaka ya 1950 na Alexandre Micka, mwokaji mwenye asili ya Poland. Ununue mjini, ni bei ya kawaida.

Nivae nini? Na mwenye hijabu au burkini?

Mchana ufukweni, nguo ya kuogelea. Mezani, jifunike: shati la kitani kwa mwanamume, gauni jepesi au khanga iliyofungwa vizuri kwa mwanamke. Niamini, khanga mpya yenye rangi kali huonekana kuliko vitambaa vinavyouzwa bandarini kwa bei ya mbuzi. Wanawake kukaa kifua wazi kunavumiliwa hapa tangu miaka ya 1960, kwa hiyo ukiwa na wazazi, wajulishe mapema.

Kuhusu burkini, nguo ya kuogelea inayofunika mwili wote isipokuwa uso, mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani hii iliipiga marufuku. Tarehe 26 Agosti mwaka huo Baraza la Taifa, yaani mahakama ya juu ya mambo ya utawala, lilisimamisha marufuku ya Villeneuve-Loubet, likisema meya hawezi kubana uhuru huo bila tishio la kweli kwa amani. Baadhi ya mameya wamerudia tena na tena, na kesi zimeendelea. Kwa ufupi: kwenye sehemu ya umma ya Pampelonne una hoja ya kisheria upande wako, ila angalia tangazo la wilaya kwenye ubao wa kuingilia. Kwa klabu, piga simu uulize kanuni zao za bwawa, usisubiri mlangoni. Hijabu ya kawaida au buibui lisilofunika uso mezani si kosa.

Je, Mwafrika hubaguliwa mlangoni?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na linastahili jibu la wazi. Wageni weusi wenye pesa wapo wengi, wanamuziki, wachezaji mpira, familia za Abidjan na Lagos. Mara nyingi hutaona tatizo. Lakini shirika la SOS Racisme limewahi kutuma wateja wa rangi tofauti kwenye fukwe za kulipia za kusini mwa Ufaransa na kugundua kwamba "zimejaa" kwa mmoja na dakika chache baadaye hazijajaa kwa mwingine.

Kumnyima mtu huduma kwa rangi au asili yake ni kosa la jinai Ufaransa. Ushauri wa vitendo: weka nafasi kwa maandishi na utunze uthibitisho. Ukikataliwa, andika saa, piga picha ya mlango, chukua majina ya mashahidi, kisha piga 39 28, namba ya taasisi ya serikali ya kutetea haki dhidi ya ubaguzi.

Nifikeje bila kuua siku barabarani?

Hakuna treni Saint-Tropez. Kituo kikubwa cha karibu ni Saint-Raphaël, takriban saa moja kutoka Nice na kama saa mbili kutoka Marseille. Marseille nataja kwa sababu ina jamii kubwa ya Wakomoro, na mtu wa Zanzibar au Mombasa mwenye jamaa pale anaweza kupata malazi bila hoteli.

Kutoka Saint-Raphaël kuna basi, lakini Julai na Agosti barabara ya kuingia rasi ni moja na mzunguko wa La Foux ni balaa. Wanaolalamikia foleni ya Mbagala wangefika hapo wakanyamaza. Panda boti. Kutoka Sainte-Maxime, ng'ambo ya ghuba, ni kama robo saa na unashukia katikati ya mji. Toka hapo mpaka Pampelonne ni takriban kilomita 5. Baiskeli ndiyo chaguo bora, teksi ni ghali na adimu. Ukiwa na gari, maegesho ya ufukweni ni ya kulipia na hujaa kabla ya saa tano asubuhi.

Visa?

Ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi zote. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Omba mapema, unaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla. Kwa wanaoishi Muscat, Dubai au London: visa hufuata pasipoti yako, si kibali cha ukazi, ila maombi unayapeleka huko unakoishi.

Bahari yenyewe ikoje kwa mtu wa pwani yetu?

Ya ajabu kidogo. Maji hayapwi. Hakuna bamvua, hakuna kusubiri maji yajae ili uogelee. Tofauti ya maji ni ya kiganja na kidogo. Ndiyo maana vitanda vinaweza kupangwa karibu na maji kutwa nzima, kitu ambacho Paje kingekuwa kichekesho.

Joto la maji Agosti ni kama nyuzi 23 hadi 25. Chumvi ni kali zaidi kuliko kwetu. Upepo wa kuogopa ni mistral, wa kaskazini magharibi. Pampelonne inatazama mashariki, kwa hiyo mistral hutoka nchi kavu kwenda baharini: maji yanalala kama kioo na unadhani mambo ni salama, kumbe boya la mtoto linasukumwa kuelekea Italia. Siku hizo usimwache mtoto na kitu chochote cha kujazwa upepo. Upepo wa mashariki kinyume chake huleta mawimbi, na mara nyingine yavuyavu wanaowasha vibaya.

Yale majani makavu ya kahawia yaliyorundikana mchangani mwanzo wa msimu si uchafu. Ni posidonia, nyasi za chini ya bahari, na marundo hayo huzuia mchanga usiliwe na mawimbi. Kwa ajili ya nyasi hizo, yoti za mita 24 na zaidi haziruhusiwi kutia nanga juu ya mashamba yake. Na kuvuta sigara kwenye fukwe za umma kumepigwa marufuku Ufaransa tangu mwisho wa Juni 2025.

Mwezi gani ni mzuri?

Juni na Septemba. Mwishoni mwa Septemba huanza mashindano ya jahazi za kale na za kisasa, Les Voiles de Saint-Tropez, yaliyochipuka mwaka 1981 kutokana na ushindani wa boti mbili, Pride na Ikra, ambao mwisho wake ulikuwa Club 55. Kwa macho yangu matanga yale yanazidi yoti zote za Agosti.

Nina euro 50 tu kwa siku nzima. Nijisumbue?

Jisumbue. Boti ya asubuhi, baiskeli ya kukodi au basi la ufukweni, mkate, jibini, nyanya na matunda kutoka soko la Place des Lices, Jumanne au Jumamosi asubuhi. Tandika kwenye sehemu ya umma, ambako kiangazi kuna waokozi. Mchana ukichoka na jua, tembea kando ya maji kupita mbele ya klabu zote moja baada ya nyingine, bure. Ukitaka kukaa mara moja ndani, baadhi huuza kahawa baa bila kukulazimisha kitanda. Uliza bei kabla.

Naweza kupata kazi kwenye klabu hizi?

Kazi zipo, kuanzia Aprili hadi mapema Oktoba: jikoni, mezani, kupanga vitanda, kuendesha vihori vya kuleta wateja kutoka kwenye yoti. Lakini mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya anahitaji kibali cha kazi ya msimu, kisichozidi miezi sita kwa mwaka, na mwajiri ndiye anayekiomba, siyo wewe. Ukiwa tayari Ufaransa kama mwanafunzi, unaruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka. Uliza kwanza kama wanatoa malazi, kwa sababu chumba Agosti kitameza mshahara wote. Na wakala yeyote wa Dar, Nairobi au Bujumbura anayekuambia utume pesa ili "akushikie nafasi" kwenye klabu ya Saint-Tropez, mnyime. Mwajiri wa kweli hutuma mkataba wenye jina la kampuni na namba yake ya usajili, na namba hiyo unaweza kuikagua mwenyewe kwenye daftari la umma la kampuni za Ufaransa, bila malipo.